Je, Ulimwengu Utaisha Namna Gani?



Hapa kwetu Butembo na Beni, "mwisho wa dunia" si maneno ya vitabuni. Yanasikika sokoni, yanasikika njiani, yanatoka katika vipaza sauti vya wahubiri tangu asubuhi mpaka jioni. Mwezi wa Oktoba 2014, mauaji yalipoanza upande wa Beni, watu wengi walisema: huu ndio mwisho. Ukaja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Hatukupeana mikono kanisani. Wafu wetu walibebwa na watu waliojifunika mwili mzima, wakazikwa bila sisi kuwagusa. Watu wakasema tena: huu ndio mwisho. Mimi siwacheki waliosema hivyo. Mtu aliyekimbia kutoka Oicha na watoto watatu na sufuria moja, ukimwambia kwamba dunia yake haijaisha, atakutazama tu.

Lakini hivi karibuni neno hilo lilinijia kwa njia nyingine. Kijana mmoja katika darasa langu la wakatekumeni, aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari, alisoma katika simu yake kwamba wataalamu wa nyota wamepiga hesabu za mwisho wa ulimwengu wote: jua, nyota, na vyote. Akaniambia, "Mwalimu, basi wahubiri wa sokoni wanasema kweli. Hata sayansi inakubali." Hapo baba mmoja, naye mkatekumeni, akadakia. Akasema kwamba ndiyo sababu anafikiri kuuza shamba lake la kahawa, na minervali ya binti yake hatailipa muhula ujao. Diploma itamsaidia nini, ikiwa Bwana yu mlangoni? Huyo binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu.

Niliona kwamba jambo hili halijibiki kwa maneno mawili. Basi Jumamosi iliyofuata niliwaeleza, kadiri ya uwezo wangu, wanayosema wenye elimu hiyo. Na hapa nawaeleza ninyi pia.

Tuanze na jua, kwa maana ndilo jirani. Jua lina umri wa miaka miliari 4 na nusu hivi. (Miliari moja ni milioni elfu moja.) Haliwaki kama kuni. Moyoni mwake hidrojeni hubanwa kwa nguvu mno hata ikageuka kuwa kitu kingine, heliamu, na katika kugeuka hutoa joto na mwanga. Kazi hiyo huongezeka nguvu polepole. Wataalamu wanasema kwamba baada ya miaka miliari moja hivi joto la jua litakuwa kali hata bahari zitakauka, na Ziwa Edward pamoja nazo. Baada ya miaka miliari 5 hidrojeni ya moyoni itakwisha. Jua litavimba, litakuwa jekundu, litameza sayari zilizo karibu nalo, na labda dunia yetu pia. Kisha litabaki kama kaa, likipoa muda mrefu sana.

Lakini huo si mwisho wa ulimwengu. Ni kama moto wa jiko moja kuzimika katika mji wote wa Butembo. Ile njia nyeupe tunayoiona angani usiku ni kundi letu la nyota, nalo lina nyota zaidi ya miliari 100. Makundi ya namna hiyo huitwa galaksi, nayo hayahesabiki kwa urahisi. Mwezi wa Desemba, mawingu yakifunguka na umeme ukikatika (yaani usiku wa kawaida tu), simama uwanjani utazame upande wa kaskazini. Mwenye macho mazuri ataona kidoa chenye ukungu, kidogo kama pumzi juu ya kioo. Hiyo ni galaksi iitwayo Andromeda. Mwanga unaoingia jichoni mwako umesafiri miaka milioni 2 na nusu. Nawaambia hivyo watu wa Butembo. Ndugu zetu wa vijiji vya Beni siwezi kuwaambia watoke nje usiku kutazama nyota.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Galaksi zilizo mbali zinaachana. Mwenye kulieleza hilo vizuri mapema alikuwa padre, Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyezaliwa Charleroi mwaka 1894. Seminarini tulimsoma, lakini haraka haraka, na Wakristo wengi hawajasikia jina lake. Ni hasara. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza alikuwa kijana mwanafunzi. Alijiunga na jeshi, akakaa vitani mpaka mwisho. Ndipo akaingia seminari, akapewa upadre mwaka 1923. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, kile kilichoanzisha Lovanium hapa Kongo mwaka 1954. Mrusi mmoja, Friedmann, alikuwa amepata hesabu za ulimwengu unaotanuka tangu mwaka 1922. Lakini mwaka 1927 Padre Lemaître ndiye aliyeziunganisha na galaksi zinazoonekana angani. Miaka miwili baadaye Mmarekani Hubble alitoa vipimo vyake. Mwaka 2018 wataalamu wa nyota wa dunia nzima walipiga kura kwamba kanuni hiyo itajwe kwa majina yao wote wawili.

Tazameni mama anayetengeneza mkate ambaye ametia karanga katika donge. Donge likiumuka, kila karanga huwa mbali zaidi na mwenzake. Karanga hazitembei, donge lenyewe ndilo linalotanuka katikati yao. Ndivyo ulimwengu ulivyo. Na ukirudisha nyuma hesabu hiyo, unafika siku ambapo vyote vilikuwa pamoja, vimebanwa, vyenye moto usiosemeka. Padre Lemaître alilitoa wazo hilo mwaka 1931. Leo wataalamu wanahesabu kwamba miaka miliari 13.8 imepita tangu hapo.

Je, donge litaumuka mpaka lini? Hapo ndipo penye swali la mwisho.

Mtoto akirusha jiwe juu, litapanda, litapunguza mwendo, litarudi. Zamani wengi walidhani kwamba ulimwengu labda ni kama jiwe hilo. Kila kitu huvuta chenzake. Basi ikiwa vitu ni vingi vya kutosha, mvutano utashinda, galaksi zitageuka nyuma, na vyote vitakutana tena katika moto mmoja. Kijana wangu aliupenda mwisho huo kuliko mingine, kwa sababu una moto. Wengine walidhani kwamba jiwe limerushwa kwa nguvu mno: litaendelea kupanda, lakini likipunguza mwendo daima.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu, waliokuwa wakipima nyota zilizolipuka mbali sana, walipata jibu ambalo karibu hakuna aliyelitazamia. Jiwe halipunguzi mwendo. Linauongeza! Fikirini mtoto amerusha embe juu, na embe linapanda mbio zaidi na zaidi. Kwa kazi hiyo Perlmutter, Schmidt na Riess walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinachosukuma hivyo hakijulikani ni nini. Kimepewa jina tu, "nishati ya giza", na inahesabiwa kuwa karibu sehemu 7 katika 10 za vyote vilivyomo ulimwenguni. Tafadhali, msilikamate jina hilo vibaya. Nimekwisha kusikia mhubiri akisema kwamba sayansi imeipima nguvu ya Shetani. La, hasha. Inaitwa ya giza kwa sababu haionekani, basi. Tena Padre Lemaître alikuwa ameiacha nafasi yake katika hesabu. Einstein alikuwa ameweka humo tarakimu moja, kisha akaitupa. Padre alikataa kuitupa, akaitetea mpaka uzee wake. Sasa wataalamu wameirudisha.

Ikiwa mambo yataendelea hivyo, mwisho utakuwa wa baridi. Galaksi za mbali zitatoweka machoni, moja baada ya moja. Nyota zitazidi kuwaka muda mrefu, lakini gesi ya kuzaa nyota mpya itakwisha. Wanahesabu kama miaka miliari laki moja. Yatabaki majivu ya nyota, yakipoa. Mwalimu wa Fizikia huuita mwisho huo kifo cha joto, na jina hilo huwachanganya watu. Joto haliui, linasambaa. Tazama mafiga usiku baada ya chakula. Kaa lina joto, mawe yana baridi, na kwa sababu ya tofauti hiyo unaweza bado kupasha maji. Alfajiri kaa, mawe na majivu vyote vina hali moja. Joto halikupotea, limeenea nyumbani mwote. Lakini hutaweza tena kupikia kitu. Ulimwengu mzima utakuwa kama mafiga ya alfajiri, na hakuna atakayekuja kuwasha moto.

Kuna fikira nyingine, nami nitazipita upesi. Kama nishati ile itazidi kupata nguvu, itavunja galaksi, kisha nyota, kisha hata atomu, kama nguo kuukuu inavyopasuka. Kama itadhoofika, kutanuka kutapungua, labda hata kugeuka nyuma. Chombo kiitwacho DESI, kilichoko Arizona, Marekani, kilitoa vipimo mwaka 2024 na 2025 vinavyoonyesha kwamba labda inadhoofika. Lakini wenyewe wanasema ushahidi haujatosha. Na wengine wanafikiri kwamba hali ya ulimwengu yenyewe huenda si imara kabisa, kama maziwa yaliyo mazima mpaka tone moja la ukali litakapoyagandisha yote. Hiyo ni hesabu ya karatasini.

Nataka mwone jinsi wenye elimu hiyo wanavyosema. Husema "labda". Husema "vipimo vya sasa vyaonyesha". Kwa miaka mingi walifundisha kwamba Andromeda itagongana na galaksi yetu bila shaka. Mwaka 2025 hesabu mpya zilionyesha kwamba katika miaka miliari 10 ijayo huenda zitagongana, huenda hazitagongana. Hawakuona haya kulisema. Mhubiri wa sokoni hana "labda". Yeye anajua mwaka, na mara nyingine anajua mwezi.

Yule baba alinisikiliza, akauliza, "Miliari 5 ni kwa jua tu?" Nikamwambia, naam, na minervali ni kwa mwezi wa Januari. Wenzake wakacheka, naye akacheka kidogo. Lakini kicheko hakitoshi. Ilinibidi niwaeleze habari ya Kanungu.

Kanungu ni mji wa Uganda, si mbali na mpaka wetu. Huko kulikuwa na kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walitoka katika Kanisa letu, na mmoja wao alikuwa padre aliyetengwa na Kanisa. Kwa hiyo tusiwe wepesi kuwanyoshea kidole watu wa makanisa mengine. Walitangaza kwamba dunia itaisha mwisho wa mwaka 1999. Watu wakauza ng'ombe, mashamba na nyumba, wakaleta fedha. Mwaka 2000 ukaingia, dunia ikabaki mahali pake, watu wakaanza kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo lililofungwa. Baadaye polisi walichimbua maiti nyingine katika nyumba za viongozi. Na msiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2023, huko Shakahola, karibu na Malindi katika Kenya, walifukuliwa watu zaidi ya 400, ambao wengi wao walifundishwa kufunga chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Humo mlikuwa na watoto wengi.

Kila mara mambo huanza hivyo hivyo: shamba linauzwa, mtoto anaondolewa shuleni. Mtume Paulo aliwaona watu wa namna hiyo zamani kule Thesalonike. Walisikia kwamba siku ya Bwana imekaribia, wakaacha kazi, wakawa wanazungukazunguka kwa jirani. Hakuwasifu kwa imani yao. Aliwaamuru wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Nafurahi kusema kwamba shamba la kahawa halijauzwa. Minervali imelipwa nusu.

Sasa, Kanisa lasema nini juu ya hesabu hizi? Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa kusema: sayansi imethibitisha Siku ya Mwisho. Wa pili: sayansi imeikanusha. Padre Lemaître aliiona mitego yote miwili. Tarehe 22 Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio XII alihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi, akaonyesha jinsi elimu mpya ya mwanzo wa ulimwengu inavyopatana na imani katika Muumba. Ungedhani Padre yule atafurahi, kwa kuwa ilikuwa kazi yake. Hakufurahi. Aliogopa kwamba fundisho la imani litafungwa kwenye hesabu ambayo kesho yaweza kurekebishwa. Mwaka uliofuata Papa alipowahutubia wataalamu wa nyota mjini Roma, hakulirudia jambo hilo. Nao hawakumchukia Padre; mwaka 1960 alifanywa rais wa Chuo kile kile, akakaa katika kazi hiyo mpaka alipofariki, Juni 1966.

Na ikiwa ni vibaya kuifunga imani kwenye hesabu ya mwanzo, ni vibaya vile vile kuifunga kwenye hesabu ya mwisho. Bwana wetu alisema waziwazi kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Hilo twalijua sote. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, mwaka 1965, uliongeza neno ambalo naona hatulisomi kwa uangalifu. Ulifundisha kwamba hatujui wakati, na tena hatujui namna vitu vyote vitakavyogeuzwa. Namna pia! Basi Mkristo ambaye anasema lazima iwe kwa moto, lazima nyota zianguke hivi, mwezi uwe hivi, anajua kuliko Mtaguso. Wataalamu na wapime. Wanachopima ni jinsi vitu vinavyokwenda vikifuata sheria zake vyenyewe. Kanuni ya Imani inasema Bwana atakuja; haisemi ulimwengu utakuwa na joto la kiasi gani siku hiyo.

Nilidhani nimemaliza. Watu walikuwa wakiinuka, lakini mama mmoja akabaki amekaa. Ni mjane; mumewe aliuawa upande wa Beni, naye alikimbilia Butembo na watoto. Katika darasa hasemi mara nyingi. Akasema, "Mwalimu, wewe umejibu habari ya shamba. Mimi nauliza hivi. Kama mwishoni yote yatakuwa baridi na giza, na hakuna atakayebaki wa kukumbuka kitu, basi mume wangu ameuawa mara mbili."

Wasomaji, kati ya maswali yote hilo ndilo lenye uzito, wala halina jibu katika hesabu ya miliari. Nilimwambia, "Mama, nyota zinaweza kuwaka milele, hata hivyo hazitamrudisha. Ulimwengu ukidumu sana, au ukidumu kidogo, mfu hafufuki kwa ajili hiyo. Hatukuweka tumaini letu katika urefu wa maisha ya jua." Nikamwambia kwamba mwili uliolazwa kaburini Ijumaa Kuu ulikuwa nao chini ya sheria ile ile ya vitu vyote: kupoa, kuoza, kutawanyika. Mwenye elimu ambaye angeupima Jumamosi angesema hivyo, naye angekuwa na haki ya kusema hivyo. Sisi twaamini kwamba Mungu hakuuacha. Aliyefanya hivyo kwa mmoja ameahidi kufanya kwa wengi, na Mtume Paulo awaandikia Warumi kwamba viumbe vyote vinaugua vikingoja jambo hilo, si sisi peke yetu. Lakini namna yake sina picha ya kukuonyesha.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wazee wetu walimwita Nyamuhanga, mwenye kuumba, wala hawakumpangia siku."

"Ndiyo, Mama."

Akakaza mtoto mgongoni, akaniuliza kama orodha ya wafu wa kuombewa katika Misa ya tarehe 2 Novemba imekwisha kufungwa. Ilikuwa bado. Akanitajia jina la mumewe, lile la ubatizo na lile la Kinande, nami nikaliandika.